Kwaya, Ngoma na Kamati ya Maafa

Msikilizaji, leo hapa Babati nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho hakimo kwenye orodha za misaada. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa mvua ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikateremka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mwitikio wa nchi ulikuwa mkubwa na hakuna sababu ya kuubeza: jeshi liliingia kufukua, majeruhi wakatibiwa, waliopoteza makazi wakahifadhiwa kwenye shule, chakula na magodoro na mablanketi vikakusanywa, na baadaye nyumba mpya zikajengwa kule Waret. Lakini kila orodha ya msaada ina mwisho wake, na inapokwisha, aliyeokoka anabaki na kazi ngumu zaidi, ya kujiona tena kuwa ni mtu miongoni mwa watu. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo hufanyika vizuri pale watu wanapobuni na kutengeneza kitu kwa pamoja, uwe wimbo, ngoma, igizo, shanga au kaburi la heshima, na kwamba tunakosea tunapoihesabu kuwa starehe ya kusubiri mpaka mambo yatulie.

Nieleze kwanza sisemi nini. Sisemi juu ya msanii maarufu anayealikwa kuimba kwenye harambee, ingawa fedha anazosaidia kukusanya ni halali na zinafaa. Wala sidai kwamba wimbo mzuri unaponya. Ninachokisema ni cha kawaida sana kuliko hivyo, na pengine ndiyo maana hakitiliwi maanani. Mtu aliyefiwa akiketi chini ya turubai na kuletewa maneno ya faraja, yeye ni mpokeaji. Akiambiwa kwamba sauti ya pili haina watu na kesho saa kumi mazoezi yanaanza, hapo anahitajiwa. Kati ya kufarijiwa na kuhitajiwa kuna umbali mkubwa, na matumaini ninayoyazungumzia yanazaliwa upande wa kuhitajiwa. Kwa hiyo jicho langu haliko jukwaani, liko kwenye mazoezi: kule ambako mtu anachelewa na kuulizwa, anakosea na kurudishwa, anaugua na kutembelewa.

Mkoa wetu una ushahidi wa jambo hili kuliko mikoa mingi, na ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwa Wadatoga, hasa Wabarabaig wa maeneo ya Hanang. Anapofariki mzee aliyeheshimika sana, familia na wazee wa baraza wanaweza kukubaliana afanyiwe bung'eda. Haya si maziko ya siku moja. Juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo na samadi ya ng'ombe, kikazungushiwa miti, kikainuliwa kwa hatua, miezi kadhaa, mpaka kinapita kimo cha mtu. Ndugu wa ukoo, wakwe na majirani wana sehemu zao za kazi. Pombe ya asali lazima ipatikane kwa wingi, maana yake asali itafutwe mbali na watu wengi washirikishwe. Zipo nyimbo za shughuli hiyo, na waombolezaji hutoka pande za mbali. George Klima, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wabarabaig na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza kwa kirefu jinsi shughuli hiyo inavyowakutanisha watu ambao ufugaji wa kuhamahama huwatawanya. Tazama mantiki yake: kifo kimetoa mtu mmoja kwenye jamii, na jibu la jamii ni kujipa kazi kubwa, ya kimwili, isiyoweza kumalizwa na familia moja wala kwa wiki moja. Aliyeibuni desturi hiyo, kama ilibuniwa na mmoja, alijua kwamba huzuni haiishi siku ya tatu watu wanapotawanyika. Alijua pia kwamba mfiwa anayechanganya udongo pamoja na shemeji yake ambaye jana hawakuelewana anafanya zaidi ya kujenga kaburi.

Ni haki niongeze, kabla msikilizaji hajanikumbusha, kwamba bung'eda haifanyiwi kila mtu. Maskini, kijana, mtoto, hawapewi kilima. Wanawake wachache sana wamewahi kukipata. Siipambi desturi hiyo wala sisemi tuiige. Naichukua kama ushahidi kwamba wafugaji wa nchi hii hii, bila semina wala mradi, walitambua uhusiano kati ya msiba na kazi ya pamoja ya kubuni.

Majirani zao Wairaqw walilifikia jambo hilo kwa njia ya maneno. Wana sala ndefu ya kishairi iitwayo slufay, ambayo mzee mwenye kipaji huitamka mbele ya watu waliokusanyika, mara nyingi penye pombe au mwishoni mwa mkutano. Anaomba mvua, afya, amani ya kaya, na mabaya yaondoke nchini. Mzee hasomi maandishi na wala hakariri neno kwa neno. Anatumia mafumbo yanayojulikana na kuyapanga upya kwa namna yake. Lakini hawezi kuisema peke yake. Kila anapopumzika, wasikilizaji humwitikia, na bila mwitikio huo sala haina nguvu. Watafiti wa lugha walioichapisha walisisitiza hasa nguvu hiyo ya usemi wa pamoja. Mtu anayeitikia slufay wakati wa ukame amekiri hadharani kwamba ukame ni wa wote. Hilo halileti mvua, lakini linaondoa fikra mbaya kuliko ukame wenyewe, fikra kwamba shida hii ni yangu peke yangu na pengine nimelogwa na jirani.

Historia nayo haijanyamaza. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Waingereza chini ya Jenerali van Deventer kilipita Ufiome, eneo hili letu, kikielekea Kondoa, ambako kilipigana na Wajerumani. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Wapagazi walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na vita ilipotulia Ugogo iliingia katika njaa kali inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Katika miaka hiyo hiyo ya maafa, ngoma ya beni ilienea Tanganyika nzima. Ilikuwa imeanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, na sasa ilisambazwa na askari na wapagazi waliorejea, wakiwa na gwaride, sare, vyeo vya kifalme na kijeshi, na mashindano kati ya makundi ya Marini na Arinoti. Wakoloni wengi waliona kichekesho cha Waafrika wanaoiga bendi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, aliona kitu kingine: vyama vya kusaidiana. Mwanachama akiugua alitunzwa, akifa ugenini alizikwa na wenzake, akiingia mji asioujua alipokelewa na watu wa ngoma yake. Waliokuwa wamebebeshwa mizigo kama punda walijipa vyeo vya majenerali na wafalme, wakagawana gharama za sanda. Mimi nasema huo ndio ulikuwa mfuko wa jamii wa wakati ule, na uliingia kwa mlango wa ngoma kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine uliofunguliwa.

Sasa atasimama mtu wa kusema: yote hayo mazuri, lakini mwenye njaa hapigi ngoma. Mpe unga kwanza. Pingamizi hili lina uzito na lazima lijibiwe kwa heshima. Kweli, siku ya kwanza baada ya maporomoko hakuna anayehitaji kwaya. Anahitaji koleo, daktari na maji safi. Ila nyakati ngumu zina sura nyingi. Agosti 2017 India iliwekea mipaka uingizaji wa mbaazi kutoka nje, na bei ya mbaazi ikaporomoka hapa Babati, wilaya ambayo mkulima wake hutegemea zao hilo kulipia ada, matibabu na mabati. Hapakuwa na tope wala maiti, na kwa hiyo hapakuwa na magodoro. Palikuwa na wanaume waliokaa kimya majumbani, wakihesabu magunia yasiyouzika na madeni ya mbegu. Shida ya namna hiyo haina siku ya kwanza na haina siku ya mwisho, na anayesubiri iishe ndipo watu wakutane atasubiri muda mrefu. Zaidi ya hayo, unga na ngoma havigombei gari moja. Mazoezi ya kwaya yanahitaji chumba, taa na mwalimu. Na tukiangalia kwaya za makanisa yetu au vikundi vya kaswida kama vinavyofanya kazi kweli, tutakuta daftari la michango ya misiba limekaa karibu sana na daftari la nyimbo. Mara nyingi unga wenyewe unafika kwa mwenye njaa kwa sababu kuna kikundi kinachojua kwamba juma hili hakuonekana mazoezini.

Upo ushahidi wa kisayansi pia, na nitautaja kwa tahadhari. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Robin Dunbar, walichapisha matokeo ya kufuatilia madarasa ya watu wazima kwa miezi saba: mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono, mengine ya uandishi wa kubuni. Mwishoni, watu wa madarasa yote walikuwa wamekaribiana. Tofauti ilikuwa mwanzoni: waimbaji waliunganika haraka zaidi, kabla hata hawajafahamiana mmoja mmoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kuona mchango wa sanaa katika kuzuia maradhi, kuyatibu na kuwatunza wagonjwa. Najua kwamba Waingereza wa darasa la jioni hawakuwa wametoka kufukua ndugu zao kwenye matope, na sitaki kupima huzuni ya Gendabi kwa fimbo ya Oxford. Nachukua jambo moja tu: kwamba kuimba pamoja kunawaunganisha wasiojuana upesi. Kwenye shule iliyogeuzwa kambi, ambamo familia za vijiji mbalimbali zinalala chumba kimoja, upesi huo una thamani.

Mfano wa karibu nasi zaidi kwa uzito wa jeraha uko Rwanda. Mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari, msanii Odile Gakire Katese alianzisha mjini Huye kundi la wanawake wapiga ngoma liitwalo Ingoma Nshya. Ngoma za kifalme za Rwanda zilikuwa za wanaume, mwanamke hakuzigusa. Kundi lile liliwapokea wajane, yatima, na pia wake wa watu waliofungwa kwa kushiriki mauaji. Hawakuanza kwa kuambiwa wasameheane. Walianza kwa kujifunza kupiga kwa wakati mmoja, jambo linalokulazimisha kumsikiliza mwenzako hata kama hujaweza kumtazama usoni. Baadaye, mwaka 2010, baadhi yao wakafungua duka la aiskrimu mjini hapo. Napenda habari hii ya aiskrimu kwa sababu inaonyesha hatua ambayo wapenda sanaa husahau kuitaja: watu waliozoea kufika kwa wakati na kugawana majukumu kwenye ngoma wana uwezo wa kuendesha biashara. Hata hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba ngoma iliiponya Rwanda. Iliwapa wanawake wale mahali pa kukaa pamoja kabla uponyaji haujapatikana, na huenda usipatikane kwa wote.

Pingamizi la pili ni kali kuliko la kwanza na mimi mwenyewe hulirudia mara kwa mara kichwani. Linasema kwamba sanaa ni dawa ya usingizi: watu wakiimba hawadai. Mwenye nguvu hupenda sana kuona walioonewa wakicheza ngoma. Kwa hili turudi Hanang tena. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Basotu, mashamba saba yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000, katika malisho bora ya Wabarabaig. Kesi zilifunguliwa miaka ya 1980 na zikapita mahakama za juu. Moja ya malalamiko makubwa ya wafugaji ilikuwa kwamba matrekta yalilima juu ya makaburi yao, vile vilima vya bung'eda. Fikiria uzito wa malalamiko hayo. Mtu anayehama na mifugo ni rahisi kuambiwa hana kwao. Ardhi ilionekana tupu, isiyo na mwenyewe. Lakini kilima kilichojengwa na mamia ya mikono kwa miezi kilisimama pale kikisema nani alizaliwa hapa na nani alimzika. Kazi ile ya huzuni iligeuka ushahidi wa haki ya ardhi. Haikutosha kuwarudishia malisho yote, na sitaki kukuambia kuwa ilitosha. Ila dawa ya usingizi haitoi ushahidi wa namna hiyo. Na hao hao Wabarabaig wana baraza la wanawake, ambalo mwanamume aliyewakosea wanawake huitwa mbele yake, akahukumiwa na kutozwa ng'ombe. Wanawake wanaotenda hivyo ni walewale wanaokutana kuimba sala zao. Waliozoea kutoa sauti moja katika maombi hawapati shida kuitoa katika madai.

Lipo jambo jingine ambalo sitalijibu kwa kulikana, kwa sababu ni kweli: sanaa inanunuliwa. Tunavijua vikundi vinavyoitwa kuburudisha wageni wa serikali, wakapigwa jua tangu asubuhi, wakaimba sifa, wakapewa soda. Tunayajua maigizo ya miradi ambamo ujumbe ulishaandikwa ofisini na wanakijiji wanaazimwa midomo tu. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Eberhard Chambulikazi, walijaribu njia tofauti kule Malya, wilayani Kwimba, mwaka 1982 na 1983. Wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao, likiwemo la mimba za wasichana wa shule, wakayaigiza kwa ngoma zao wenyewe, kisha wakajadili walichokiona. Mlama alieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1991 kwamba utamaduni wa watu ndio unaopaswa kuwa chanzo cha maendeleo, na kwamba kuuchukulia kama bomba la kupitishia ujumbe wa wengine ni kuuharibu. Miaka mingi imepita na bado tunapenda bomba. Hukumu yangu hapa ni nyepesi: kikundi ambacho wimbo wake umeandikwa na mfadhili kinatoa burudani na posho, na mfadhili akiondoka kikundi kinaondoka. Kikundi kinachojitungia kinaweza kukosa sare na bado kikakutana Jumatano.

Babati ina faida na ina tatizo katika hili. Ni mji wa njia panda. Hapa wamo Wagorowa wenye nchi yao, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wadatoga, Wachaga wa biashara, na wengine walioshuka stendi wakabaki. Kila kundi lina ngoma zake, kila dhehebu lina kwaya yake, na vijana wana bongo fleva na singeli kwenye simu. Tatizo ni kwamba utajiri huu umekaa kwenye vyumba vilivyofungiana milango. Mlutheri anafanya mazoezi na Mlutheri, na mjane asiye na kanisa wala msikiti wa karibu hana kwaya ya kumhitaji. Kijana asiye na kazi anaambiwa sanaa ni kuwa nyota au si kitu, na asipofika Dar es Salaam anajiona ameshindwa, wakati mtaa wake ungeweza kumpa wimbo, wenzake na sababu ya kuamka.

Sasa tufanye nini? Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya mwaka 2022, inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji. Kamati hizo zinapanga maghala, vyombo na watu wa uokoaji, na ndivyo inavyostahili. Naomba ziongeze mstari mmoja. Ofisa utamaduni wa halmashauri akae ndani ya mpango wa maafa, aje na orodha ya vikundi vya kata: kwaya zipo zipi, nani anaongoza ngoma gani, mafundi wa shanga na wasukaji wa vikapu wako wapi, nani ana ngoma na spika, shule gani ina ukumbi wenye taa. Maafa yakitokea, wiki ya pili, watu wakiwa bado kambini, vikundi hivyo viombwe viende, na viende kufundisha na kufundishwa, sio kutumbuiza. Watoto wapewe ngoma na rangi. Kinamama wapewe shanga na nyuzi za kufanyia kazi yao wenyewe, watakayoiuza au kuivaa wapendavyo. Wazee waulizwe ni nyimbo gani na maneno gani yanastahili msiba huu, maana wao ndio wanaojua. Na kwa shida zisizo na tope, kama ile ya mbaazi, ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha ufumaji au cha muziki kisionekane mbele ya kamati ya mikopo kuwa ni cha mzaha kuliko kikundi cha kuku.

Kwako msikilizaji ninalo ombi dogo kuliko hayo. Mkutano wa mtaa wako ukifika, mwulize mwenyekiti kama kamati ya maafa ipo na nani wamo. Akikutajia majina, mwulize kama yupo hata mmoja anayeongoza kwaya, ngoma au kikundi cha kazi za mikono. Kama hayupo, pendekeza jina, na uhakikishe limeandikwa kwenye muhtasari.